Sehemu ya Kazi Isiyopendwa



Katika kila kazi ya mikono iko sehemu ambayo mtu huiendea kwa furaha, na iko sehemu nyingine ambayo huiendea kama mtoto aendavyo kunywa dawa chungu. Mjenzi hupenda kupandisha ukuta, lakini kuchota maji ya kukandia udongo humchosha kabla hajaanza. Mvuvi hupenda kuvuta jarife lililo zito. Kuliziba matundu siku ya pili, katika jua la mchana, hakupendi. Hata mwalimu wa dini hupenda kusimama mbele ya watu kuliko kukaa peke yake usiku na taa, akitafuta maneno ya kuwaambia. Jambo hili ni la desturi hata hatulifikiri. Nami nisingalifikiri habari zake kama si shauri la mikeka lililonipata hapa kwetu, baina ya Bagamoyo na Kunduchi, ambalo nililikata upesi na kulikata vibaya. Nataka kulieleza, maana naona ndani yake mna swali litupasalo sote: ile sehemu ya kazi isiyopendwa na mtu, ni ya nani? Na yeye aifanyaye, anatudai nini?

Kwanza nieleze kazi yenyewe, kwa ajili ya ndugu walio bara, ambao huununua mkeka ulio tayari na kuulalia wasijue ulikotoka.

Mkeka mzuri wa pwani ni wa ukindu, yaani majani machanga ya mkindu. Mti huu ni jamaa ya mtende, nao hupenda maji. Huota penye vinamasi na kandokando ya mito, na kwetu hupatikana katika mabonde ya Ruvu, na kaskazini zaidi katika mabonde ya Wami. Jani litakiwalo ni lile la katikati ambalo halijafunuka bado, kwani likiisha kufunuka huwa gumu, wala halisukiki vema. Kulifikia si mchezo. Chini ya kila kuti, karibu na shina, vijani vyake vimegeuka kuwa miiba mirefu, mikali kama sindano. Tena mashina huota mengi pamoja, kichaka kizima, hata mtu hana mahali pa kupenyeza mkono ila katikati ya miiba. Miguuni matope, masikioni mbu, na katika mito hiyo miwili viboko na mamba wapo hata leo. Wanawake huenda alfajiri, wawili watatu, wakarudi adhuhuri na mizigo vichwani.

Kisha ukindu huanikwa juani siku kadhaa, hata ukijani wote uondoke. Ukipatwa na mvua hupata madoa meusi, na kazi yote ya bondeni imepotea. Kwa hiyo mwenye kuanika halali usingizi mzito wakati wa vuli. Baada ya kuanika ni kuchana. Kila kijani huchanwa kwa ukucha au kwa ncha ya kisu, ziwe nyuzi bapa nyembamba, zote za upana mmoja. Hizo ndizo chane. Zile zitakazotiwa rangi huchemshwa pamoja na rangi, ambayo zamani ilitoka katika miti na mimea, na siku hizi ni unga ununuliwao dukani. Ndipo huja kusuka. Chane husukwa kuwa ukanda mrefu uitwao ukili, ama mweupe mtupu, ama wenye nakshi za rangi. Mwisho vipande vya ukili huwekwa ubavu kwa ubavu na kushonwa kwa shazia, na uzi ni ukindu ule ule, mpaka mkeka utimie upana wake. Kisha kingo zake hupindwa zisifumuke.

Msomaji apendaye hesabu na aone kazi ilivyo. Tuseme mkeka una urefu wa pima moja na upana wa mikono miwili, na ukili una upana wa vidole vinne. Tukihesabu mkono kuwa vidole 24, vitatakiwa vipande 12 vya ukili, yaani pima 12 za kusuka, kwa mkeka wa mtu mmoja tu. Ukili ukiwa wa vidole viwili, kama wapendavyo wenye mikono myepesi, ni pima 24. Na kila pima moja ina chane zake, na kila chane ilikuwa na mwiba wake.

Sasa nije kwenye habari yangu. Katika mtaa wetu walikuwako akina mama 11, wengine Wakristo na wengine Waislamu, waliokubaliana kufanya mikeka pamoja na kuiuza kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam. Waliniomba mimi niwashikie daftari ya fedha, kwa kuwa sikuwa mwenzao, na kwa hiyo, walisema, sitampendelea mtu. Siku moja nikingoja wamalize kufunga mikeka, niliwauliza kwa maongezi tu: katika kazi hii yote mwapenda nini, na mwachukia nini? Walicheka, kisha wakajibu kila mtu kwa zamu. Wanane walisema wapenda kusuka ukili. Wawili walisema wapenda kutia rangi, ule wakati chane zinapotolewa chunguni na mtu hajui bado rangi imeshikaje. Mmoja, bibi mzee kuliko wote, alisema apenda kuchana. Wenziwe wakamcheka, maana kuchana ni kazi ya watoto, naye akasema, "Macho yangu yamechoka, lakini ukucha wangu waona."

Kwa habari ya machukio, tisa walisema bonde. Hilo sikulistaajabia. Lakini wawili walisema wachukia kushona, nami nikashangaa, kwa sababu kushona hufanywa kivulini barazani, mahali pakavu, na mkeka wakua mbele ya macho ya mtu. Tena hao wawili walikuwa wasukaji hodari.

Nilikwenda nyumbani nikalifikiri jambo hili. Kwanza nilidhani kwamba watu hupenda kusuka kwa sababu ya mikono yenyewe: vidole vikiisha kuzoea havimwulizi mtu neno, naye moyo wake umepata kupumzika. Ndivyo ilivyo, walakini si yote. Kusuka hufanywa jioni, watu wakiwa wamekaa pamoja, na habari za mji zapita kutoka kinywa kwa kinywa. Ukili una nakshi, na nakshi ina jina, na mpita njia husimama akasema, "Huu ni mkono wa fulani." Bonde halina mpita njia. Ukindu uliokatwa vema na ukindu uliokatwa vibaya hauna jina la mtu juu yake. Basi naona upendo ule wa kusuka ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, yaani raha ya mikono, na raha ya wenzi, na raha ya kusifiwa, wala mwenyewe hawezi kuzifumua akasema ipi ndiyo nene.

Na wale wawili wachukiao kushona? Niliwauliza tena baadaye. Mmoja alinijibu hivi: "Mwalimu, nikisuka, kila pima ni nzuri peke yake. Nikianza kushona ndipo nionapo ya kwamba hii imekuwa pana na ile nyembamba, wala haziendi sawa." Maneno haya yalinikaa moyoni siku nyingi. Kumbe sehemu nyingine huchukiwa bila kuwa na taabu, kwa kuwa ndani yake mtu huhukumiwa na kazi yake mwenyewe. Mimi nami najua habari hiyo. Napenda kuanza daftari mpya, sipendi siku ya kufunga hesabu.

Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, mwanzoni mwa kitabu chake cha maadili, asema ya kwamba mahali ambapo mwisho wa kazi uko nje ya kazi yenyewe, kitu kilichotengenezwa ni bora kuliko kule kutengeneza. Kwa neno hilo mkeka ni bora kuliko kusuka, na kuliko kuchana, na kuliko bonde; na sehemu zote za kazi, kwa kuwa ni njia tu, zapata thamani yao katika mkeka. Neno hili lina nguvu. Kama ndivyo, aliyekata ukindu hana haki ya kudharauliwa na aliyesuka, maana bila ukindu hapana mkeka, kama vile bila ukili hapana mkeka. Njia ikikatika popote, msafiri hafiki.

Lakini nikimsoma huyo mwenye hekima, naona yuko mtu mmoja aliyeachwa nje, naye ni yule ambaye siku zake ndizo zilizotumika. Mkeka huisha mara moja, katika saa moja ya mwezi. Siku nyingine zote ni siku za njiani. Mwanamke aliyefanya mikeka miaka 40, tukimwambia kwamba uzuri wote umo katika mikeka iliyokwisha, twamwambia ya kwamba karibu maisha yake yote yamekuwa ni kungoja. Naye hatakubali. Wale wanane walionijibu hawakusema wapenda mkeka. Walisema wapenda kusuka.

Haya si mambo ya mikeka tu, wala si ya pwani yetu tu. Katika Marekani, mahali paitwapo Gee's Bend katika jimbo la Alabama, wanawake ambao wazee wao walikuwa watumwa wa mashamba ya pamba wamekuwa wakishona mablanketi ya viraka, wakikata vipande vya nguo za kazi zilizochakaa na kuviunganisha. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa ukutani katika jumba la sanaa la Houston, kama vile picha za wachoraji wakuu, na watu wengi wakaja kuyatazama. Ni heshima ya haki. Lakini atazamaye ukutani huona rangi na mpango wake. Kufua suruali kuukuu yenye jasho la shambani na kuifumua mishono haoni, wala hana njia ya kuona.

Na sisi tulio karibu na Bagamoyo tuna mfano mkubwa zaidi. David Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliukausha mwili wake juani, wakaufunga ndani ya gome la mti na kitambaa, wakauchukua mabegani miezi mingi, penye maradhi na penye watu wasiotaka maiti ipite kwao, hata wakaufikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Hapo ukapakiwa chomboni. Tarehe 18 Aprili mwaka ule ule ulizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, mbele ya wakubwa. Jacob Wainwright, mmoja wa wale waliouchukua, alikuwapo. Lakini Susi na Chuma, waliokuwa viongozi wa safari, walifika Uingereza mazishi yamekwisha. Sisemi kwamba aliyepanga mazishi alikusudia ubaya. Nasema tu kwamba mikono iliyobeba katika sehemu mbaya ya kazi haikuwapo katika sehemu njema yake, na jambo hilo lilitokea kwa wepesi sana, bila mtu kulikusudia.

Vivyo hivyo nami sikukusudia. Mikeka ya kwanza ilipouzwa, nilikaa na daftari yangu kugawa fedha. Nilifikiri: nitajuaje haki ya kila mtu? Nikaona ukili wapimika kwa pima. Basi nikaandika pima za kila mtu, nikagawa fedha kwa hesabu hiyo. Wale walioshona niliwapa sehemu yao, kwa kuwa kazi yao huonekana. Bonde, na kuanika, na kuchana, nikaviandika kwa neno moja, "msaada," nikavitilia kiasi kidogo cha kuwaambia asante. Yule bibi wa kuchana, aliyewachania wenziwe mwezi mzima, alipata fedha za sukari na sabuni. Mkwewe, aliyekwenda bondeni kuliko wote, hakumzidi sana. Bibi alizipokea, akazifunga katika pindo la kanga yake, akanishukuru, akaenda zake.

Juma lililofuata hakuja, wala lile la pili. Mkwewe naye alisema ana shamba la kupalilia. Wenzao wakanunua ukindu kwa mtu mwingine, wakauchana wenyewe kwa haraka. Chane nyingine zikawa pana na nyingine nyembamba, na ukili ukawa wapinda kama njia ya nyoka. Wale wawili wachukiao kushona wakaacha kushona kabisa. Wakaja kwangu wakasema, "Mwalimu, kazi haiendi." Ndipo nilipokwenda kwa bibi.

Nilimkuta barazani pake. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwalimu. Karibu kitako." Nikakaa. Nami, badala ya kumwuliza neno lililomwudhi, nilianza kumfundisha. Nilimwambia kwamba hakuna kazi iliyo duni mbele za Mungu, na kwamba Martin Luther aliandika ya kwamba baba afuaye nguo za uchafu za mtoto wake, akizifua kwa imani, wajinga humcheka, lakini Mungu na malaika wake humfurahia. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Huyo Luther alikuwa na watoto wangapi alipoyaandika hayo?"

Ikanipasa kusema kweli. Aliyaandika mwaka 1522, na mke alioa mwaka 1525.

"Basi angalingoja kidogo," akasema bibi, akacheka mpaka akatokwa na machozi, nami nikacheka pamoja naye. Kisha akaniambia kwa upole maneno ambayo sitayasahau. "Mwalimu, mwanangu, wewe watufundisha tuipende kazi. Kuchana nakupenda tangu ujana wangu, sikufundishwa na mtu. Bonde mkwe wangu halipendi, wala hatalipenda hata ukimhubiri mwaka mzima. Tuachie mapenzi yetu na machukio yetu. Wewe kazi yako ni hesabu."

Nilitoka hapo na aibu, tena aibu ya namna mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kutumia neno jema mahali pasipolifaa. Maana Luther hakukosa, ijapokuwa alikuwa hajaoa. Neno lile lamfaa mtu akijiambia mwenyewe, akiwa na nguo ile mikononi. Ni faraja yake. Bali nikiwa mimi ndiye mwenye kugawa fedha, na nikamwambia mwingine kwamba kazi yake yampendeza Mungu, huku nikimpunguzia ujira, nimeligeuza neno la faraja kuwa sarafu, nami nimemlipa kwa sarafu isiyonunua chumvi. Aipende kazi yake au asiipende, hilo ni lake yeye na Mungu wake. Kwangu mimi iko hesabu tu.

Aibu ya pili ilikuja polepole zaidi. Nilijiuliza: kwa nini nilichagua pima? Je, ni kwa sababu niliona kusuka ni bora kuliko kuchana? La. Ni kwa sababu pima ni rahisi kuandika. Kuhesabu siku za bonde, na mizigo iliyoletwa, na usiku wa kuangalia mvua, na chane ngapi zilitoka katika mikono ya nani, hiyo ndiyo hesabu yenye matope na miiba, nami niliikwepa. Katika kazi yangu nami palikuwa na bonde langu, nikaliacha, na watu wawili maskini wakalipia uvivu wangu.

Nikaomba nichukuliwe bondeni siku moja. Wanawake walinicheka njia nzima, kwa maana kwetu mwanamume haendi kukata ukindu, na mlinzi mmoja wa mashamba tuliyempita alituuliza kama mwalimu amefukuzwa kazi. Sitasimulia yote. Mkono wangu wa kulia ulivimba siku tatu. Lakini niliona jambo nisilolijua. Mkwe wa bibi hakukata kila jani aliloliona. Katika kila kichaka aliyaruka mashina mengine, nikamwuliza kwa nini. Akasema lile lilikatwa mwezi jana, likikatwa tena sasa litadhoofu. Na lile lingine ni changa, liachwe. Alikuwa ana ramani nzima ya bonde kichwani mwake, shina kwa shina, tena hakuna aliyemfundisha kuiita maarifa. Yule tuliyenunua ukindu kwake alikuwa akikata ovyo, hata mahali pengine tuliona vichaka vilivyokauka vichwa. Kwa hiyo dharau yetu kwa bonde ilikuwa karibu kuliua bonde, na pamoja nalo kusuka kwenyewe tukupendako.

Sikulipenda bonde. Naliandika hili wazi, kwa sababu wengi wakisimulia habari kama hizi humaliza kwa kusema kwamba walipojaribu kazi ngumu waliona utamu wake. Mimi niliona miiba.

Baada ya hayo tulikaa sote kufanya shauri upya. Bibi alirudi. Tukakubaliana kwamba siku ya bonde ihesabiwe, na mzigo wa ukindu upimwe, na kuchana kulipwe kwa fungu, na kushona kulipwe kuliko kusuka, kwa kuwa anayeshona ndiye huchukua makosa ya wote. Mpaka hapo watu wote walisema vema. Lakini baadhi yao wakataka pia kila mtu aende bondeni kwa zamu, asiwepo mtu wa kukaa kivulini siku zote. Hapo ndipo tulipogawanyika.

Mmoja wa wasukaji, mwenye mkono mzuri kuliko wote, ambaye ukili wake wa vidole viwili wafanana na kitambaa, alikataa. Alisema, "Nikienda bondeni siku moja, vidole vyangu havisuki siku mbili. Mtakuwa mmepata mzigo mmoja wa ukindu, na mmepoteza pima zangu. Nilipeni kidogo zaidi ya sasa au kidogo kuliko sasa, lakini msiniharibie mikono." Wengine walisema ni kiburi. Mimi sikuona kwamba ni kiburi chote. Hesabu yake ilikuwa kweli, nami nilikuwa nimetoka kuambiwa kwamba kazi yangu ni hesabu. Mtu akipewa kipawa, je, ni haki tumlazimishe kukivunja ili tu wote wawe sawa katika taabu? Na kwa upande wa pili, mikono ya mkwe wa bibi nani aliiuliza kama yaharibika? Yeye hakuzaliwa na vidole vya miiba. Huenda angalikuwa msukaji mwema, lakini tangu aolewe hakupata jioni mbili mfululizo ambazo mikono yake haikuvimba.

Niliwaambia nionavyo: zamu isiwe sheria, lakini asiyekwenda bondeni alipe siku yake kwa yule amwendeaye, tena alipe vema, kama mtu anunuavyo kitu cha thamani. Wengi walikubali. Yule msukaji hodari hakukubali. Alitoka katika umoja ule, na sasa anasuka peke yake na kuuza peke yake, akinunua ukindu kwa nani sijui. Tukikutana njiani twaamkiana vizuri. Mikeka yetu tangu hapo ni imara, lakini haina nakshi kama zake, na mfanyabiashara wa Dar es Salaam ametuambia hivyo zaidi ya mara moja. Sijui bado kama nilikata shauri hilo la pili vema kuliko la kwanza. Bibi hulinyamazia.

Wakati wa masika uliopita, kwa kuwa mikeka hapakuwa na mahali pa kuianikia, tulikaa sana ndani, na bibi akanifundisha kusuka. Nilisuka ukili wa pima moja kwa siku kumi na moja. Ulikuwa mpana mwanzoni, mwembamba katikati, na mpana tena mwishoni, kama chatu aliyemeza vitu viwili. Nilitaka kuutupa. Bibi akauchukua mkononi, akaupapasa wote kwa kidole gumba kutoka ncha hata ncha, asiseme neno. Akamwita mmoja wa wale wawili wachukiao kushona, akamwambia autie katika mkeka uliokuwa unashonwa siku ile, ambao nilikuwa nimeununua kwa nyumba yangu. Yule mama aliutazama, akapumua kwa nguvu, kisha akauliza autie ubavuni, karibu na ukuta, usionekane?

"Tia katikati," akasema bibi, "mahali atakapoketi yeye."

Ndipo ninapoketi ninapoandika haya.